Mwanamke wa Mwaka wa Chui Milia

Alhamisi, tarehe 3 Februari 2022. Asubuhi hiyo mji wa Fukuoka ulinyeshewa manyunyu yaliyochanganyika na theluji, ile theluji dhaifu inayokufa kabla haijafika chini. Ikigusa lami inakuwa maji. Ikigusa shingo inakuwa sindano. Lanh aliendesha baiskeli kutoka bwenini hadi shule ya lugha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mfukoni ukihesabu punje za rozari. Punje zote hamsini alizitolea nia moja, na nia yenyewe ilikuwa ya saa sita mchana.

Saa sita mchana Khiem angempigia mama yake simu ya video. Kwao Vietnam ilikuwa siku ya tatu ya mwaka mpya, ukoo mzima umekusanyika nyumbani, na mbele ya ukoo huo Khiem angesema kwamba amepata mchumba, na kwamba anaomba wazee wapeleke tambuu na popoo za posa kwa wazazi wa Lanh. Wakikubali, mwezi wa nne wangehamia Nagasaki wote wawili, kwenye chuo cha kutunza wazee, wakiwa wachumba wanaojulikana. Wakikataa, basi.

"Hiyo baiskeli umeifunga mara tatu," alisema Thoa, mwenzake wa chumba, aliyekuwa akipiga miguu chini kwa baridi. "Unaogopa itatoroka ikaolewe kabla yako?"

"Niache, Thoa. Mikono imekufa ganzi."

"Mikono au moyo? Leo chai umeitia chumvi. Nimeinywa nikanyamaza, nikasema huyu ni bi harusi, tumvumilie."

Lanh alicheka, akaikagua kufuli tena. Thoa hakujua. Hakuna aliyejua ila yeye mwenyewe, Mungu, na padri mmoja mzee wa Kijapani aliyemwungamia siku tatu kabla ya Krismasi.

Jambo lenyewe lilianzia hapo hapo kwenye maegesho ya baiskeli, siku ya kwanza ya masomo. Kwa Wavietnam, watu wawili wasiojuana hawawezi kuongea hata maneno matano kabla ya kujua nani mkubwa, maana bila hilo hawajui waitaneje. Kwa hiyo kijana mmoja mwenye macho ya kucheka alimuuliza swali la kawaida kabisa: "Umezaliwa mwaka gani, nijue nikuite nani?" Yeye alikuwa wa mwaka 2000. Lanh alikuwa wa 1998. Angesema kweli angeitwa "dada", na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini si udada uliomtisha. Kwao kila mwaka una mnyama wake; 1998 ulikuwa wa Chui Milia, na husemwa kwamba mwanamke wa mwaka huo hula mume. Mara mbili wachumba walikuja nyumbani kwao na mara mbili mama zao, walipouliza mwaka, walikunywa chai haraka haraka wakaaga. Wa pili hata hakuimaliza.

"Elfu mbili na moja," Lanh alijibu.

"Basi mimi ni kaka yako," Khiem akasema, na hapo hapo akamchukulia begi lake akalibeba.

Tangu siku hiyo akawa kaka Khiem. Uongo wa pumzi moja ukaishi mwaka mzima. Khiem alikuwa wa kwanza darasani. Lanh, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tano ili ashone nguo, akaja kumalizia masomo ya jioni akiwa mtu mzima, alikuwa wa mwisho. Kila mchana Khiem alimwambia afumbe macho, akamwandikia herufi za Kijapani kiganjani kwa ncha ya kidole, naye Lanh azitambue kwa ngozi tu. Herufi ya mvua. Herufi ya nyumba. Siku aliyoandika herufi ya mke, Lanh aliitambua mara moja, lakini alijifanya hajui ili aandikiwe tena.

"Mungu amekusamehe," padri alikuwa amemwambia. "Sasa mwambie kijana." Lanh aliahidi. Na kila jioni alipopiga magoti aliahidi tena kwa ajili ya kesho.

*

"Leo vitabu tunafunga!" alisema Mwalimu Kuwahara, mwanamke mfupi wa miaka hamsini aliyependa sherehe kuliko sarufi. "Leo tunafukuza mazimwi, maana kesho majira ya kuchipua yanaanza."

"Mwalimu, kesho itakuwa baridi vilevile," alisema Dhurba, Mnepali mnene aliyekaa mbele. "Kalenda ya Japani na hewa ya Japani hazijuani."

"Dhurba-san, kwa maneno hayo zimwi ni wewe." Darasa likacheka. Mwalimu akamvisha kinyago chekundu chenye pembe mbili juu ya barakoa yake. Mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ule ugonjwa. Wanafunzi wapya hawaji, wa zamani hawarudi kwao, na darasa la watu thelathini lilikuwa limebaki na kumi na wanne. Walihitaji kucheka.

Mwalimu akatoa kisanduku cha mbao kilichojaa soya za kukaanga. "Kila mtu atataja zimwi lililo ndani yake, aahidi kulifukuza, kisha amrushie Dhurba. Lakini soya zigawiwe na mkono wenye baraka. Mkono bora ni wa mtu aliyezaliwa mwaka wa mnyama wa mwaka huu. Mwaka huu ni wa nani?"

"Chui Milia!" darasa likaitika.

"Na hapa tunaye mmoja tu!" Mwalimu aliinua daftari la mahudhurio, akashusha miwani, akasoma kwa furaha ya mtu anayetangaza zawadi. "Lanh-san! Tarehe kumi na mbili Mei, 1998. Hongera! Wewe ndiye bahati yetu!"

Wanepali wakapiga makofi. Wasri Lanka wawili wakapiga makofi. Upande wa Wavietnam mikono ilisimama hewani.

"Tisini na nane?" Thoa alinong'ona, lakini mnong'ono wa Thoa ulisikika hadi dirishani. "Lanh, mwalimu amekosea, siyo?"

Lanh angeweza kusema ndiyo. Neno hilo lilikuwa kwenye ulimi. Badala yake aligeuka akamtazama Khiem, na kugeuka kwenyewe kukawa jibu. Macho yale ya kucheka aliyoyajua kuliko njia ya kwenda kazini yalimtazama kwanza kwa kutoelewa, halafu kwa kuhesabu, halafu yakazimika. Aliyaona yakizimika. Barakoa ilificha uso wote uliobaki, ndiyo maana ilikuwa vibaya zaidi. Hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Bahati, njoo mbele!" Mwalimu aliita.

Akaenda. Wenzake wakapita mmoja mmoja, yeye akiwajaza soya mikononi. Mmoja aliahidi kulifukuza zimwi la usingizi. Mwingine zimwi la kuchelewa. Thoa, bila kumtazama Lanh usoni, akafukuza zimwi la kula usiku wa manane, na watu wakacheka. Dhurba alinguruma, akakimbia huku na huku, akapigwa soya za mgongo, akalia kama mtoto. "Zimwi toka nje! Baraka ingia ndani!" darasa zima likapiga kelele.

Khiem akafika. Alinyoosha kiganja. Lanh akamimina soya, nyingine zikaanguka. Vidole vyao havikugusana.

"Zimwi langu," Khiem alisema kwa kile Kijapani chake safi, "ni kuamini watu haraka. Mwaka huu naahidi kulifukuza."

"Sentensi nzuri sana!" alisema Mwalimu. "Mmesikia? Hivyo ndivyo inavyosemwa!"

Khiem hakugeuka kumtazama Dhurba. Alimtazama Lanh. "Zimwi toka nje!" akasema, na kumrushia soya zote usoni, kwa nguvu, kutoka hatua mbili.

Zilimpiga kwenye paji la uso, kwenye kope, moja ikaingia ndani ya kola. Darasa likaangua kicheko. Walijua wanapendana, nani asiyejua?

"Ndugu, zimwi niko huku!" Dhurba alipiga kelele ndani ya kinyago. "Umekosa shabaha!"

"Sijakosa," alisema Khiem.

"Ninyi wawili!" Mwalimu alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Lanh-san, usilie sasa. Bahati ikilia inalowa."

*

Lanh alimkuta Khiem kwenye ngazi za nje, zile za chuma za kukimbilia moto ukitokea, ambako wanafunzi huenda kupiga simu. Manyunyu yalikuwa yanagonga paa la bati la maegesho. Bado nusu saa.

"Kaka Khiem..."

"Karibu sana, mteja wetu," Khiem alijibu kwa Kijapani, akainamisha kichwa. Ilikuwa ile lugha ya heshima aliyoitumia jioni kwenye duka alilofanyia kazi, lugha ya kumwambia mtu usiyemjua na usiyetaka kumjua. "Samahani kwa kukusubirisha. Nikusaidie nini?"

"Khiem, ongea nami kama mtu."

"Na nani?" Sasa alirudi kwenye lugha yao. "Mimi simjui huyu wa tisini na nane. Niliyekuwa naye ni wa elfu mbili na moja. Huyo yuko wapi? Na yeye umemla?"

Lanh alishika chuma cha ngazi. Kilikuwa baridi kiasi cha kuchoma.

"Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

"Mwaka una siku mia tatu na ushee. Hukupata hata moja? Hata ile ya mvua, tulipokaa kituoni saa mbili? Hata siku niliyokwambia jina ninalotaka kumpa mtoto wetu?" Sauti ilimpasuka, akaikunja tena. "Unaniita kaka, kaka, mbele ya watu. Mdogo wako anakununulia viazi vya moto, wewe unasema ahsante kaka. Ulikuwa unacheka moyoni, dada?"

"Sijacheka hata siku moja. Ningekwambia, ungenichukulia begi?"

Khiem aligeukia upande wa maegesho.

"Ona sasa," Lanh alisema taratibu. "Wachumba wawili walinikimbia kabla chai haijapoa. Mimi nilitaka mtu mmoja tu anijue kwanza, halafu ndiyo auhukumu mwaka."

"Mimi sikuhukumu mwaka. Mimi..." Akasita. "Mama alikuwa na kaka yake mmoja tu. Alioa mwanamke wa Chui Milia. Harusi mwezi wa pili, mwezi wa kumi lori likaburuta pikipiki yake. Mama ndiye aliyemwosha. Leo ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, anasali kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Lakini hilo limemwingia kwenye mfupa. Padri wetu amehubiri weee, amechoka."

"Na wewe limekuingia?"

Chini, mtu alipita na mwavuli. Khiem alimtazama Lanh kwa mara ya kwanza tangu darasani. Soya moja ilikuwa imenasa kwenye nywele zake, juu ya sikio. Aliinua mkono, polepole, akaitoa. Kidole kilibaki hapo kidogo, kwenye ngozi ya sikio, na Lanh aliacha hata kupumua. Alidhani Mungu amejibu.

"Sikiliza," Khiem alisema. Sauti ilikuwa imelainika. "Wenzetu hawatasema. Thoa nitamziba mdomo. Mama akikuuliza, sema elfu mbili na moja. Basi. Yaishe."

"Nimwambie uongo?"

"Neno moja tu."

"Na cheti cha ubatizo? Padri wa kwenu atakishika mkononi kabla ya kututangaza."

"Mto tutauvuka tukiufikia. Umelisema neno hilo mwaka mzima bila hata kukohoa. Leo ndiyo linakukwama?"

"Nimeungama, Khiem. Nimemwambia Mungu sitalirudia."

"Kwa hiyo mimi nilifaa kudanganywa, mama yangu hafai."

"Wewe nilikudanganya kwa woga. Nikimdanganya yeye leo, baada ya kusamehewa, itakuwa ni ubaya niliouchagua. Twende tumwambie kweli, tukiwa wawili. Nishike mkono tu. Akitukana, atukane. Tutangoja. Mimi nitangoja hata miaka kumi."

"Miaka kumi!" Alicheka kicheko kibaya. "Utakuwa na miaka thelathini na nne, bibi. Mimi ndiyo kwanza nitakuwa na thelathini na mbili, ninatafutiwa msichana."

"Khiem!"

"Mungu wako ni mkubwa kuliko mimi, siyo? Basi na akuoe yeye."

Mlango wa chuma ulijifunga nyuma yake. Lanh alibaki kwenye ngazi, manyunyu yakimpiga kichwani. Hakulia. Alifumba macho akasema, kama mtu anayezungumza na baba mzazi: "Bwana, ama nipe ulimi wa kusema uongo, ama nipe mgongo wa kuubeba ukweli. Usiniache hapa katikati." Halafu akaingia ndani, maana saa sita haimngoji mtu.

*

Ukumbi wa wanafunzi ulinukia mvuke wa majani. Wavietnam walikuwa wamepasha moto mikate ya mwaka mpya, ile ya wali wa kunata na nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye majani, wakaigawa kwa wote. Dhurba, asiyekula nguruwe, alikuwa akipekua wali kwa kijiti kama mtu anayetafuta pete. Mwalimu Kuwahara alikuwepo, akisubiri fomu za chuo cha Nagasaki zilizotakiwa kutumwa siku hiyo. Fomu mbili zilikuwa mezani, ya Khiem na ya Lanh, zimebandikwa picha tayari.

Thoa alimvuta Lanh pembeni. "Mimi sina neno na Chui wako. Babu yangu aliolewa na... wee, alioa Chui, na ni yeye aliyemzika huyo Chui. Lakini mimi ni wa tisini na tisa. Mwaka mzima nakutuma dukani kama mdogo wangu, 'Lanh lete chumvi, Lanh osha sufuria,' kumbe namtuma mkubwa. Aibu hiyo utaniondolea vipi, dada?"

Simu ya Khiem ililia kabla hata hajapiga. Mama yake hakuweza kungoja.

Kwenye kioo akaonekana mwanamke mwembamba mwenye gauni la mahameli jekundu, na nyuma yake baba wadogo, shangazi na watoto wanaosukumana. Ukutani kulikuwa na msalaba, na chini yake picha ya marehemu baba yake Khiem.

"Umekonda!" mama akapiga kelele. "Hao Wajapani wanakulisha mvuke?"

"Heri ya mwaka mpya, mama. Baba wadogo, shangazi, heri ya mwaka mpya."

"Heri, heri. Haya, yuko wapi? Usinizungushe. Umeniandikia una jambo, na mimi nimezaa, najua jambo la kijana wa miaka ishirini na mbili ni lipi."

Ukoo ukacheka. Khiem akamwashiria Lanh. Lanh akaja, akaketi kando yake, akainamisha kichwa akiwa ameunganisha mikono. Mabega yao yakagusana, na kwa sekunde hiyo moja bega la Khiem halikujiondoa.

"Huyu ndiye Lanh? Toa barakoa nikuone. Ah." Mama alimtazama kwa muda. "Uso wa kusali. Nimependa. Kwenu wapi, mwanangu?"

Lanh akataja wilaya. Mama akaijua parokia. Akauliza baba anafanya nini, mama mzima, ndugu wangapi. Kila jibu lilipokelewa kwa kichwa kinachotikisika, na shangazi mmoja akapiga makofi aliposikia Lanh anajua kushona. Mlango ulikuwa unafunguka kwa urahisi kiasi kwamba moyo wa Lanh ulianza kuuma.

"Basi nitapeleka tambuu mwenyewe," mama alisema. "Lakini wazee watauliza ili wapange siku. Umezaliwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na moja, mama," Khiem akadakia. "Nyoka."

"Sikukuuliza wewe. Ana kinywa."

Chini ya meza mkono wa Khiem ulimshika Lanh kifundo, ukakaza. Ndio mkono alioutaka ngazini. Ulikuja umechelewa na ulikuja kwa kazi nyingine. Thoa alikuwa ameacha kutafuna. Wavietnam wote ukumbini walikuwa wameacha kutafuna.

"Elfu moja mia tisa tisini na nane, mama," alisema Lanh. "Mwezi wa tano. Chui Milia. Mwanao hakunijua. Mimi ndiye niliyemdanganya tangu siku ya kwanza, na nimekosa. Amejua leo asubuhi."

Mkono ukamwacha.

Upande wa pili hakuna mtoto aliyesukuma mwingine. Shangazi mpiga makofi alijivuta nyuma, akatoka kwenye picha. Mama hakupandisha sauti.

"Amejua asubuhi," alisema, "na sasa hivi kaniambia elfu mbili na moja. Mbele ya picha ya baba yake."

"Mama, mimi nili..."

"Nyamaza, Khiem. Lanh, nakushukuru. Ungenidanganya, kesho ningekuwa mlangoni kwenu na tambuu."

"Mama, naomba nikueleze..."

"Usiniite mama. Mimi sikuzaa chui." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto matamshi. "Mimi si mshirikina, binti. Nakuombea Mungu akupe mume mwema. Mwana wa mama mwingine aliyezaa wengi, anayeweza kupoteza mmoja. Mimi ninaye huyu tu."

Lanh akageuka. "Khiem," alisema. "Sema kitu."

Khiem alikuwa akiitazama fomu yake.

"Khiem, neno moja. Lolote."

"Mama ana presha, Lanh," alisema bila kuinua macho. "Usibishane naye."

Ndilo neno alilopewa. Mwaka mzima, na ndilo hilo.

"Umesikia?" mama akasema. "Huyo ndiye mwanangu. Akiniahidi leo, kesho ataivunja, halafu atanidanganya na kunibusu. Ndiyo maana ahadi yake siitaki. Lakini wewe umesema kweli iliyokukata wewe mwenyewe, huku uongo ungekuozesha. Mtu wa namna hiyo akisema neno, mtu analala usingizi. Nataka ahadi yako. Hapa, wote wanasikia."

Mwalimu Kuwahara, ambaye hakujua hata neno moja la lugha yao, alisogea akitabasamu na kupungia kioo mkono. "Mama amefurahi? Anasema nini?"

Ni Thoa aliyesema, kwa Kijapani chake kibovu: "Anataka ahadi, mwalimu."

"Ahadi!" Mwalimu aliweka mikono kifuani. "Ahadi ya uchumba! Jamani, kimya! Kimya wote!" Dhurba akaweka kijiti chini akainua simu yake kurekodi, uso umejaa furaha ya rafiki. Ukumbi ukanyamaza kama kanisa mkate unapoinuliwa.

Lanh alisimama wima. Alikuwa bado ameshika barakoa. Akaiweka mezani, mtu asije akasema kesho kwamba hakusikia vizuri.

"Mimi, Vo Thi Lanh," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu hata yeye mwenyewe akaistaajabia, "naahidi mbele ya Mungu, mbele ya ukoo wenu na mbele ya darasa langu. Sitakwenda Nagasaki. Sitaolewa na Khiem."

"Amina," alisema mama.

"Lanh, inatosha," Khiem alisema. Sasa ndiyo aliinua kichwa, na uso wake ulikuwa mweupe.

"Sijamaliza," alisema Lanh. "Na siku utakapokufa, mama Khiem, mwanao akaja mwenyewe akiwa huru, akanipigia magoti akalia, naahidi nitamfungia mlango. Nitamwambia neno langu nilikupa wewe, na marehemu harudishi alichopewa."